Simu ya Kumwita Shangazi

Siku ile baba yangu alisema neno ambalo likinijia hata leo, chai inanishinda kumeza. Alisema, "Dada yetu hana kazi, kwa hiyo yeye ndiye mwenye nafasi."

Dada mwenyewe, yaani shangazi yangu, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Tangu alfajiri alikuwa amemgeuza Bibi kitandani, amemwogesha, amefua mashuka, amemlisha uji kijiko kwa kijiko, kisha akaingia jikoni kuwapikia kaka zake waliokuja kufanya kikao juu yake. Huyo ndiye hana kazi. Aliweka sinia mezani taratibu, akampa kila mtu kikombe chake, na cha baba yangu akakizungusha mpini uelekee upande wa mkono wake wa kushoto, kwa sababu anajua kaka yake hutumia kushoto. Mimi ningemmwagia.

Wacha nieleze habari za huyu shangazi yangu, maana ukimsikia kwa mdomo wa baba utadhani ni mtu aliyeokotwa barabarani akapewa chumba. Ndiye kitinda mimba wa nyumba ile. Aliacha shule mapema kwa kuwa zamu ya kusoma ilikuwa ya kaka zake, akaenda kwenye karakana ya sare za shule iliyoko mtaa wa nyuma, akapewa kazi ya kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo zilizokwisha shonwa. Kazi ya kukaa chini na mkasi mdogo, vumbi la pamba puani. Akatoka hapo akawa wa kupanga vipande, akatoka hapo akawa msaidizi wa meza ya kukatia, mwisho akawa mkataji. Aliolewa kidogo, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na begi lake moja, na kesho yake asubuhi alikuwa mezani anakata.

Ukataji wa sare si wa nguo moja. Kitambaa hutandazwa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, juu kabisa inawekwa karatasi iliyochorwa vipande vyote, migongo, mikono, kola, halafu mkataji anapita na kisu cha umeme. Akikosea, hajakosea shati moja, amekosea darasa zima. Shangazi alikuwa akipanga vipande vile mpaka kinachobaki ni vitambaa vya kufutia meza tu. Karakana nzima walimwita Mkasi. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake, na alilistahili.

Kisha Bibi akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali hakuweza tena kusimama bila kushikwa. Ikatafutwa nani wa kumshika. Baba yangu ana nyumba ya ghorofa na ngazi. Baba Mdogo, anayeuza vipuri vya magari, ana mke ambaye Bibi hawezi kukaa naye chumba kimoja bila mtu kulia. Shangazi hakuwa na ngazi wala mke. Akamwomba mwenye karakana ruhusa ya muda mfupi, na muda mfupi ukawa miaka.

Kilichonichoma mimi, niliyekuwa naishi pale nikisoma chuo, ni kwamba karakana haikuwa mbali. Ukisimama uani kwa Bibi unazisikia cherehani. Shangazi alikuwa akianika nguo huku anasikiliza, na mara nyingine anasema peke yake, "Leo wanakata nzito. Sketi hizo." Alikuwa anajua kwa mlio wa kisu.

Sasa kikao kile aliyekiitisha alikuwa yeye. Mwenye karakana alikuwa amemtumia ujumbe kwamba shule zinakaribia kufunguliwa, oda zimejaa, mkataji aliyepo anaharibu vitambaa. Anamtaka Mkasi arudi mezani. Asiporudi msimu huu, meza anampa mtu mwingine moja kwa moja.

"Kaka zangu," Shangazi alisema, akiwa bado amesimama, "mimi siombi mnichukulie Mama. Naomba Jumamosi na Jumapili mpeane zamu, mmoja wenu awe hapa, nami nipumue. Siku za kazi nitajipanga mwenyewe."

"Utajipangaje?" aliuliza baba. "Mama akitaka kwenda msalani utajuaje? Utaoteshwa?"

"Nitanunua simu isiyo na waya. Ya mezani, ile yenye mikonga miwili ya kusikilizia. Mkonga mmoja atakaa nao Mama, mwingine nitakwenda nao karakana. Akibonyeza kitufe, wa kwangu unalia. Ni kuvuka kichochoro tu, nafika kabla hajamaliza kuniita."

Baba Mdogo akaangua kicheko. "Si umpe simu ya kawaida ya mkononi?"

"Tulimpa. Umesahau? Alimpigia mwuza gesi usiku na mchana, akamwita mwanangu, yule kijana mpaka akabadilisha namba."

Hapo hata baba alicheka. Bibi naye akacheka kutoka kitandani, maana mlango wa chumba chake ulikuwa wazi na alikuwa anasikia kila kitu. Bibi anasikia vizuri mambo yanayomhusu. Ukimwita anywe dawa ndipo masikio yanaziba.

Wakajadili, wakanywa chai, wakaongezwa. Mwisho baba akatoa hukumu, yeye hupenda kutoa hukumu. "Sawa. Jaribu mpaka shule zifunguliwe. Kama Mama hatalalamika na mwajiri wako hatalalamika, mimi na mdogo wangu tutaanza zamu za mwisho wa juma. Nikisema nimesema."

Shangazi akauliza nani atachangia simu. Baba Mdogo akasema yeye atachangia, na kweli alichangia: alichangia ushauri kwamba tusinunue nyeupe kwa kuwa inashika uchafu. Simu ilinunuliwa kwa akiba ya Shangazi.

Tulikwenda dukani mimi na yeye, siku ambayo jirani alikubali kukaa na Bibi. Duka lilikuwa na kiyoyozi na vioo, na muuzaji aliyevaa tai, kijana mwenye adabu za kujifunza. Akatupanga mbele ya kabati. Hii ina rangi tatu. Hii inapokea ujumbe usipokuwepo. Hii ina milio ya muziki, sikilizeni. Hii ina mikonga minne, mama, kila chumba chake, hata bafuni.

"Inafika wapi?" Shangazi aliuliza.

"Popote nyumbani kwako, mama."

"Sijauliza nyumbani. Nimeuliza inafika wapi."

Muuzaji akasoma kwenye boksi, akasema kwenye uwanja wa wazi inafika mbali sana, anaweza kuwa uwanja mzima wa mpira. Shangazi akamwambia mama yake hakai uwanja wa mpira, anakaa nyuma ya ukuta, na baada ya ukuta kuna kichochoro, na baada ya kichochoro kuna ukuta mwingine. Inapita? Kijana akasema bila shaka inapita. Mimi nilijua kwamba hajui, na Shangazi alijua zaidi yangu.

Akaomba apewe ile iliyowashwa kwa maonyesho. Akanipa mkonga mmoja, wa pili akaushika yeye, akatoka. Nikamwona kupitia kioo akikatiza mbele ya duka la dawa, mkonga sikioni, anatembea kwa mwendo wake wa haraka. "Unanisikia?" Nasikia, Shangazi. "Napita kwa fundi viatu." Nasikia. "Nakata kona." Muuzaji alipoona ameikata kona kweli, adabu zikamwisha. Akatoka mbio, tai begani, anapiga kelele, "Mama! Mama! Rudisha!" Mlinzi naye nyuma yake. Sikioni mwangu nikamsikia Shangazi akisema kwa utulivu, "Kuna watu wananikimbiza huku, lakini bado inashika."

Alirudi akiwa katikati yao kama mfungwa, uso umemkunjuka kwa raha. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu Bibi aanguke. Akazijaribu aina tatu kwa namna hiyohiyo, muuzaji akitembea ubavuni kwake sasa, amekata tamaa. Kisha akafunga macho akavipapasa vitufe vyake, akitetemesha mkono kama wa Bibi, aone ni ipi inabonyezeka bila kukosea. Akazikataa nyembamba zote. Akaikataa nzuri kuliko zote kwa sababu betri zake hazipatikani madukani. Akachagua moja nene, nyeusi, mbaya kwa sura, yenye kitufe kikubwa cha kuita mkonga mwingine na sauti ya kupasua sikio.

"Hii watu hawainunui, mama," kijana alimwambia kwa wema.

"Ndiyo maana bado ipo," Shangazi akamjibu.

Nyumbani tukahangaika na kitako chake, kile kinachounganishwa na waya wa simu. Tukikiweka sebuleni, kwenye tundu la simu ya zamani ya marehemu Babu, kule karakana maneno yanakatika. Tukavuta waya mpaka jikoni, tukakipandisha juu ya kabati karibu na dirisha, hapo ndipo ikashika sawasawa mpaka kwenye meza ya kukatia. Kile kitufe cha kuita, Shangazi akakibandika kipande cha kitambaa chekundu. Akamfundisha Bibi. Nyekundu, Mama. Ukibonyeza nyekundu nakuja.

"Mnaniachia kidude," Bibi alisema.

"Kidude hiki ndiyo mimi, Mama."

Wiki ya kwanza nilidhani mambo yametengemaa. Shangazi aliamka mapema zaidi, akamaliza kila kitu, akavaa aproni yake ya zamani iliyokuwa sandukuni, akavuka kichochoro na mkonga kiunoni. Karakana walimpigia makofi. Mwenye karakana, mzee mnene tunayemwita Bosi Chaki kwa kuwa kila vazi lake lina alama ya chaki, alimwondoa yule kijana aliyeharibu vitambaa, akampa Mkasi meza yake bila hotuba. Bibi alibonyeza alipokuwa na haja. Shangazi alizima kisu, akaja, akamhudumia, akarudi. Jioni alikula chakula chote kilichokuwa kwenye sahani yake, akaniuliza habari za chuo, akanisimulia nani kamwoa nani huko cherehanini. Nilikuwa sijui kwamba shangazi yangu ni mcheshi. Miaka yote ile niliishi na mtu aliyechoka nikidhani ndiyo tabia yake.

Kisha kitufe kikaanza kuzidi. Bibi anataka maji, na jagi liko pembeni yake. Bibi anataka pazia lifunguliwe. Bibi anataka pazia lifungwe. Bibi amesikia mtu anapita nje, ni nani? Bibi ameota. Shangazi anafika akihema, Bibi anamwambia, "Nilitaka kujua kama kidude kinafanya kazi."

"Kinafanya kazi, Mama."

"Haya, nenda."

Hajafika mlango wa karakana, kinalia.

Nilimwambia Shangazi asiwe anaitika kila mara. Akaniuliza, "Nitajuaje mara ambayo ni ya kweli?" Akawa anakimbia. Mafundi wakaanza kutania, wakasema Mkasi ameolewa na simu, halafu utani ukaisha, kwa sababu kisu kikisimama na wao cherehani zinasimama, hakuna vipande vya kushona. Siku moja mkonga ulilia akiwa katikati ya kona ya kola, mkono ukamruka, kisu kikaingia ndani. Mrundo mzima wa kola ukaharibika. Yeye, ambaye karakana nzima ilimwita Mkasi.

Bosi Chaki alimwita pembeni. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Mimi na wewe tumetoka mbali," alisema. "Lakini sasa chagua. Ukae hapa kama mtu aliye hapa, au ukae kwa mama yako. Kola nyingine ikiharibika siwezi kukutetea hata kwa nafsi yangu."

Shangazi akamwomba mpaka mwisho wa juma. Alikuwa bado anaamini kwamba Bibi atazoea, na kwamba shule zikifunguliwa kaka zake watatimiza walichosema. Jioni ile alikaa kitandani kwa Bibi, akamwomba kama mtoto anavyoomba. "Mama, niite ukiwa na shida tu. Hii kazi ndiyo kitu changu pekee." Bibi akampapasa shavu, akasema, "Mimi nikuharibie kwa nini, mwanangu?"

Siku ya pili yake sikuwa na masomo ya mchana. Nikampelekea Shangazi chakula karakana baada ya kumlisha Bibi na kumwacha amesinzia. Shangazi alikuwa anakata, macho hayabanduki kwenye mstari. Mkonga ukalia juu ya meza, lakini si mlio wa kitufe chekundu. Ulikuwa mlio wa mtu kupiga kutoka nje, ambao huita mikonga yote miwili kwa pamoja.

"Pokea, mwanangu, weka spika," alisema bila kuinua kichwa. "Huenda ni kliniki."

Nikabonyeza. Kumbe Bibi alikuwa amekwisha pokea upande wake. Hakuwa amesinzia hata kidogo. Nikataka kukata, nikasikia sauti, nayo ilikuwa ya baba yangu.

"Leo umemwita?"

"Nimemwita asubuhi," Bibi alisema. "Alikuja, akarudi tena."

"Usichoke, Mama. Mwite tu. Yule bosi wake hana subira, juma hili haliishi, atamtoa."

"Jana kaniomba nisimwite. Karibu alie."

"Atalia ataacha. Sasa wewe unataka nini? Uhamishiwe kwangu, na ngazi zile? Au ukakae na mke wa mdogo wangu? Maana akishazoea kazi hatarudi, na zamu zitatufika sisi, na sisi tuna shughuli zetu."

"Mimi sitaki kwenda kokote. Naogopa kukaa peke yangu, hilo tu."

"Ndiyo maana nakwambia mwite."

Bibi akacheka, kicheko kile chembamba cha mtu aliyefanya utundu. "Asubuhi nimemwambia pazia linanitazama."

Baba yangu akacheka naye. Kicheko hicho nimekua nikikisikia mezani kwetu, nikikipenda.

Shangazi alizima kisu. Akavua glovu, akauchukua mkonga mkononi mwangu, akauweka karibu na mdomo.

"Kaka."

Kicheko kikakatika.

"Kaka, nimesikia."

Baba akakohoa. "Umesikia nini?"

"Yote. Mpaka pazia."

Nilidhani atakana. Nilidhani atasema ni mzaha, au atamwomba radhi, au atakata simu kwa aibu. Aibu ingenitosha. Lakini baba yangu ni mtu wa kutoa hukumu. Alisema, "Basi kama umesikia ni vizuri, tumepunguziana kikao. Mama anakuhitaji. Rudi nyumbani."

Hakujua kwamba nipo. Sijui kilichonipanda. Niliinama kwenye ule mkonga nikasema kwa sauti ya adabu kabisa, "Shikamoo, Baba."

Akakata simu. Hata marahaba hakuniitikia.

Shangazi hakulia. Alivaa glovu, akawasha kisu, akamaliza mrundo uliokuwa mbele yake, kwa sababu kitambaa kikishatandazwa na kuanza kukatwa hakiachwi, kinateleza. Alikata vizuri kuliko siku zote nilizomwona. Muda wote huo kitufe chekundu kilikuwa kinalia. Bibi alikuwa ameshikwa na hofu sasa, anabonyeza bila kupumzika, na karakana nzima inatazama. Bosi Chaki akasogea, akasimama upande wa pili wa meza, akauangalia ule mkonga unaolia.

"Najua," Shangazi alimwambia. Akakunja aproni.

Mimi ningemwacha Bibi alie mpaka sauti ikauke. Nasema kweli, na aliyekasirika na akasirike. Ningekaa mezani pale, ningewaambia wanaume wale wawili mama yenu huyo, njooni mmchukue. Nilimwambia hivyo njiani kwenye kichochoro, huku nalia mimi badala yake. Akaniuliza, "Nani atamgeuza leo jioni? Wewe una mtihani." Ni hivyo tu. Wao walijua kwamba atauliza swali hilo, na ndilo walilomfungia nalo.

Tulimkuta Bibi ameukumbatia mkonga kifuani. Alikuwa amejikojolea. Alimtazama Shangazi kwa jicho la upande, akasubiri. Shangazi akamvua, akamsafisha, akambadilisha shuka. Meza alipewa mtu mwingine moja kwa moja, mwanamke wa makamo, na wanasema anakata vizuri.

Ningependa kusema kwamba shangazi yangu alisamehe, kwa sababu watu wa namna yake husifiwa kwa kusamehe. Hakusamehe. Alichofanya ni kukaa jikoni jioni moja, miwani puani, na kile kijitabu cha maelekezo kilichokuja na simu, ambacho hakuna mtu katika familia yetu aliyewahi kukifungua. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema anarekebisha sauti.

Mkonga wa Bibi haulii tena mtu akipiga kutoka nje. Wala hauwezi kumpigia mtu yeyote wa nje, hata ukibonyezwa namba gani. Una uwezo mmoja tu, ule wa kitufe chekundu, wa kumwita Shangazi. Nao mkonga wa Shangazi hautoki kiunoni kwake.

Baba yangu ni mtu wa kupiga simu, si mtu wa kuja. Hupiga kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Shangazi huitika vizuri, kwa heshima zote. "Mama amelala, Kaka." Baba huuliza anaendeleaje. "Anaendelea." Basi msalimie akiamka, husema baba, na unamsikia kabisa alivyofurahi kwamba shughuli imekwisha mapema. Baba Mdogo naye huambiwa hivyohivyo. Hawajawahi kuuliza inakuwaje mama yao analala kila wanapopiga. Hawana haja ya kuuliza.

Bibi huniuliza mimi. "Baba yako mzima?" Mzima, Bibi. "Mbona hapigi siku hizi?" Nasema sijui, Bibi. Ningeweza kumwambia, na sina mpango wa kumwambia. Ananitazama kwa muda mrefu, halafu anageuzia uso dirishani.

Jumapili iliyopita nilikuwapo. Shangazi alikuwa anamkata Bibi kucha za miguu, Bibi ameegemea mito, macho makavu, hana hata dalili ya usingizi. Simu ikalia kiunoni. Shangazi akaweka mkasi chini, akageukia ukuta, akasema polepole yale maneno yake, akakata.

"Ni nani?" Bibi aliuliza.

"Amekosea namba, Mama."

Bibi akavuta shuka mpaka kifuani. "Wanangu wamenitupa. Nimewazaa, nimewasomesha, wamenitupa. Nimebaki na wewe tu."

"Ndiyo, Mama," Shangazi alisema. "Umebaki na mimi tu."

Akauvuta mguu wa pili mapajani mwake, akaendelea kukata.